Kinundu cha Mzee Forodha

Mlangoni mwa maabara ya baridi, katika ghorofa ya chini ya jengo la fizikia, palikuwa na meza, sinia la plastiki na mzee. Kila aliyetaka kuingia alisimama mbele ya mzee, akaweka funguo zake kwenye sinia, kisha simu, saa, mkanda, na wakati mwingine viatu. Halafu mzee alimpitishia dira ndogo mwilini kuanzia kifuani hadi magotini, taratibu, jicho lake kwenye sindano. Sindano ikitikisika, huingii. Hata uwe nani. Ndiyo maana wanafunzi walimbandika jina la Mzee Forodha, na jina likamganda.

Siku moja mkuu wa chuo alikuja na wageni wake kutazama maabara, akaitembelea yote akiwa ameshika suruali kwa mkono mmoja, maana mkanda wake wenye kifungio cha chuma ulibaki kwenye sinia. Profesa mwenye maabara alitamani ardhi ipasuke. Mzee Forodha hakutamani chochote. Alisimama kando, mkono wa kushoto mgongoni kama ofisa, dira mkono wa kulia, na wageni walipotoka alimrudishia mkuu mkanda wake na kumtakia siku njema.

Haikuwa ukorofi, ingawa ukorofi kidogo alikuwa nao. Ndani ya chumba kile palikuwa na mtungi mrefu uliojazwa heli ya majimaji, kitu baridi kuliko baridi yoyote unayoijua, na katikati ya mtungi palikaa uzi wa alumini mwembamba kuliko unywele. Alumini ikipozwa kiasi hicho hubadilika tabia, ikapitisha umeme bila kipingamizi hata kidogo. Kazi ya maabara ilikuwa kuingiza elektroni ndani ya uzi ule zikiwa zimeelekea upande mmoja, kisha kupima zinakaa na mwelekeo huo muda gani kabla ya kuusahau. Mwelekeo huo wataalamu waliuita spini, na kila elektroni huubeba mithili ya sumaku ndogo. Sasa, ukiwa unapima sumaku ndogo kiasi hicho, mtu akiingia na kifungio cha mkanda amekuharibia siku.

Mzee alikuwa na cheti cha ufundi tu, lakini miaka ishirini na saba ya kusikiliza maprofesa wakibishana ilikuwa imemwachia kitu. Jioni alimweleza mkewe mezani.

"Metali ikipoa, elektroni zinatembea wawiliwawili. Mmoja anaangalia juu, mwenzake chini. Ndiyo raha yao."

"Kama mimi na wewe," mkewe alisema. "Mimi nasema hiki, wewe unasema kile."

"Haya. Sasa sisi tunamwingiza mmoja ambaye hana mwenzake. Ile chaji yake inamezwa na kundi mara moja, hata huioni imekwenda wapi. Lakini spini yake inabaki, maana hakuna wa kumgeuza. Anakaa na msimamo wake tu mle ndani."

"Huyo ni shangazi yako," mkewe alisema, akampakulia chakula.

Mke huyu ndiye chanzo cha kisa chote, ingawa ukimwambia hivyo mpaka leo atakuuliza umekula nini. Mwanzoni mwa mwaka mzee alianza kuumwa kifundo cha mkono wa kushoto. Mkono huo ndio aliofanyia kazi yake kubwa. Mtungi ulipokuwa ukipoa, pampu ikivuta, mzee alishika shingo ya vali kwa kiganja cha kushoto na kusikiliza mtetemo. Mafundi wengine hutazama saa ya kupimia mgandamizo ukutani. Yeye aliona saa ile ni ya wageni. Kwa kiganja alijua baridi imefika wapi, akafungua vali kwa robo ya unywele, akafunga, na baridi ikatulia tuli. Alifanya hivyo saa nzima bila kubadilisha mkono, kwa hiyo kifundo kilikuwa na haki ya kulalamika.

Mkewe alimletea bangili.

"Shaba hii, mume wangu. Mama mkwe wa jirani alikuwa hashiki hata kikombe. Sasa anapiga deki nyumba nzima."

Mzee alisikia neno shaba, akatulia. Shaba haisumbui dira. Nusu ya vifaa vya maabara ni shaba. Akaivaa, maumivu yakapungua, au alidhani yamepungua, na kila asubuhi juu yake alivuta glavu ndefu ya kuzuia baridi. Kujipitishia dira mwenyewe hakukumjia akilini. Nani aliwahi kuona ofisa wa forodha akijipekua?

Mwaka huohuo kulikuwa na binti aliyekuwa anamalizia shahada ya uzamivu. Alikuwa mtu wa kuongea upesi, kula amesimama na kuandika namba kwenye kiganja. Miaka mitatu alikuwa amepima uzi ule wa alumini na kupata mstari ulioshuka polepole, mzuri, wa adabu, usiosema lolote jipya. Kisha asubuhi moja, alumini ilipofika kwenye baridi yake ya kubadilika, mstari ukainuka. Ukafanya kinundu, kama goti chini ya shuka, halafu ukaendelea na safari yake.

Binti alipima tena kesho yake. Kinundu. Akapima na uzi mwingine. Kinundu palepale. Profesa aliitwa, akavua miwani, akavaa, akavua tena.

"Hiki hakimo katika kitabu chochote," alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeona nyoka mwenye masikio.

Kuanzia hapo kinundu kikawa mwana wa pekee wa idara. Profesa alikipeleka kwenye mkutano, akakisimamia mbele ya watu sitini. Binti alikiandikia sura tatu za tasnifu yake. Mzee Forodha alikwenda hospitali siku mbili kupimwa macho, fundi wa idara ya kemia akamshikia zamu, na siku zote mbili kinundu hakikuonekana. Binti alikaa sakafuni akalia. Mzee aliporudi, kikarudi naye.

Wengine wangeshtuka hapo. Profesa alikuwa na maelezo, na yalikuwa na mantiki tosha: fundi wa kemia anatazama saa ya ukutani, baridi yake inayumba, kitu kidogo kama kinundu kinapotea. Mzee mkono wake hauyumbi. Akaandika hata sentensi kwamba jambo hili huonekana tu pale baridi inaposimamiwa na mtu mwenye uzoefu mkubwa.

Hapo mzee akavimba kichwa. Nisimfichie. Alianza kuingia kazini kwa hatua ndefu. Alikataza mtu mwingine yeyote kukalia kigoda chake. Nyumbani alimwambia mkewe kwamba kuna jambo duniani ambalo halitokei mpaka yeye aweke mkono, na mkewe akamwuliza kama jambo hilo linaweza kuwa lile bomba la jikoni linalovuja tangu mwaka juzi.

Miezi saba ilipita hivyo. Zikabaki wiki tisa kabla ya binti kuitetea tasnifu yake mbele ya watahini, na kwa mzee ilibaki miezi minane kabla ya kustaafu.

Siku ya kisa, mzee alikuwa stoo, upande wa pili wa korido, akifungua pampu ya zamani. Stoo vitu vya chuma viliruhusiwa, na nati za pampu ile zilikuwa za chuma. Alifungua nne, akaziweka kwenye kifuniko cha kopo. Alipotazama tena zilikuwa tatu. Akapiga magoti, akamulika chini ya rafu. Akatikisa kopo. Akamlaumu mfagiaji, ambaye hakuwepo. Akajipapasa mifuko. Mwisho, alipoinua mkono kujikuna kichwa, aliiona nati. Ilikuwa imejibandika kwenye kifundo chake cha kushoto, juu ya bangili, imetulia kabisa.

Aliitoa. Akaisogeza karibu tena. Ikaruka yenyewe, ikabanduka kutoka vidoleni na kugota kwenye bangili.

Mzee aliketi juu ya pampu. Kisha akachukua dira, akaiweka rafuni, akapeleka mkono wa kushoto taratibu. Sindano iligeuka yote ikamtazama. Katika miaka ishirini na saba sindano ile haikuwahi kumtikisikia mtu namna hiyo, hata yule mgeni aliyekuja na kisu mfukoni.

Alimpigia mkewe simu.

"Ile bangili ulisema ni shaba?"

"Shaba nje," mkewe alisema. "Nguvu yenyewe iko ndani. Wameweka sumaku sita. Kwani imeanza kuchuja rangi?"

Mzee alikata simu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aoe.

Hakuhitaji kuelezwa lililobaki. Kiganja chake kwenye shingo ya vali kilikuwa usawa uleule wa uzi wa alumini ndani ya mtungi. Baridi ilipofika mahali pa kubadilika ndipo alipobana mkono zaidi, kwa sababu hapo ndipo vali ilipotaka umakini. Sumaku sita zilisogea, spini mle ndani zikageuzwa kidogo, na mstari ukainuka. Kinundu cha sura tatu, kinundu cha watu sitini, kilikuwa kinakaa kwenye mkono wake, na kila jioni kilipanda naye kitandani.

Usiku ule hakula, na wala hakumgombeza mkewe, na mkewe alipoona hagombezwi ndipo alipoogopa. Mzee alijua mambo mawili. La kwanza, mlangoni palikuwa na karatasi yenye sahihi ya Profesa, na maneno yake mzee mwenyewe ndiye aliyeyatunga: atakayeingiza sumaku katika maabara hii haingii tena. Unga wake ungemwagika miezi minane kabla ya kuagwa kwa heshima. La pili, akinyamaza hakuna atakayejua. Angevua bangili, kinundu kingekufa, wangesema uzee umemwingia mkononi, basi. Binti angepata shahada yake.

Lakini kuna maabara nyingine duniani. Wangekitafuta kinundu, mwaka mmoja, miaka miwili, wasikipate. Kisha wangetazama jina lililoandikwa juu ya tasnifu, na jina lile lingekuwa la binti. Wangemwita mwongo katika lugha ambazo hata hazijui. Hilo ndilo lililomtoa usingizi.

Asubuhi alimsubiri mezani. Binti alipofika akaanza kutoa funguo, mzee akamzuia.

"Leo unikague mimi, mwanangu," akasema, akamkabidhi dira.

Binti alicheka, akaipitisha kifuani kwa mzaha, akateremka hadi mkono wa kushoto. Sindano ikageuka. Akarudia. Ikageuka. Mzee akavua glavu, akaweka bangili kwenye sinia kama abiria aliyekamatwa, na akaeleza yote bila kutia chumvi, kuanzia mama mkwe wa jirani hadi nati.

Binti alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka, mpaka akashika meza. Halafu kicheko kikageuka kilio.

"Miezi saba, Mzee! Miezi saba napima bangili!"

"Najua."

"Nimeiandikia sura tatu! Nimeipigia hesabu! Nina nadharia ya bangili!"

"Najua, mwanangu. Nisamehe. Mimi ndiye niliyekaa hapa kuwapekua watu."

Binti alijifuta uso kwa kiganja chenye namba, zikampaka shavuni.

"Nani mwingine anajua?"

"Mke wangu. Lakini yeye anadhani tatizo ni rangi."

"Basi aishie hapo. Nitamwambia Profesa kwamba kuna nguvu ya sumaku ilikuwa inavuja kutoka mahali, nimeiona, nimeiondoa. Sitasema mahali gani. Umebakiza miezi minane. Unga wako haumwagiki kwa ajili ya kinundu changu."

Mzee alitaka kukataa. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini miezi minane ni miezi minane, na akajikuta amesema asante, na aibu ya asante ile ikaandamana naye wiki zote zilizofuata.

Wakafanya kazi ya kufa na kupona. Heli ilibaki ya kupoza mara nne tu. Binti alifuta sura tatu. Kila asubuhi alimkagua mzee kwa dira kabla ya mzee kumkagua yeye, kuanzia kichwani hadi kwenye soksi, na mzee alisimama ameinua mikono. Kifundo kilirudi kuuma. Mkewe alisema si nilikwambia, akamletea mafuta ya kuchua, na mzee akayasoma maandishi ya chupa neno kwa neno kabla ya kuyagusa. Na katika siku zake za kupumzika, bila kumwambia mtu, aliazima kipima-sumaku kutoka idara ya umeme, akaketi stoo na bangili ile na rula.

Mstari mpya ulikuja bila kinundu. Ulikuwa mstari mnyenyekevu. Ulionyesha tu kwamba alumini ikishabadilika, chaji ya elektroni mgeni humezwa mara moja ilhali spini yake hudumu, na ulionyesha hudumu kiasi gani, kwa uhakika mkubwa kuliko aliowahi kuupata. Profesa aliomboleza kinundu siku tatu. Alimwuliza binti sumaku ilitoka wapi. Binti alisema bado anachunguza.

Siku ya utetezi ukumbi ulijaa. Mzee alikaa nyuma kabisa, amevaa koti la harusi ya mwanawe. Mtahini wa nje alikuwa mama mfupi mwenye penseli, asiyecheka wala kununa. Alimwuliza binti maswali saa nzima, na binti aliyajibu upesi, hata mengine kabla hayajaisha. Kisha mama akafunua ukurasa mmoja.

"Hapa umeandika kwamba vipimo vya miezi saba vimeachwa kwa sababu ya sumaku ya nje, na kwamba chanzo kimeondolewa. Chanzo gani?"

Binti aligeuza kurasa mbili bila haraka kabla ya kujibu. Ilikuwa mara ya kwanza.

"Kilikuwa... ndani ya maabara. Kimeondolewa."

"Nimesoma kwamba kimeondolewa. Kama hunielezi kilikuwa nini, nitajuaje kwamba hakimo katika hivi vipimo vipya?"

Profesa alimtazama mwanafunzi wake. Binti alitazama meza. Mzee kule nyuma alimwona, na akajua, kwa uhakika uleule wa kiganja kwenye vali, kwamba hatasema. Angeacha miaka minne ianguke pale mezani, na hatasema.

Mzee akasimama. Kiti kilipiga kelele.

"Samahani, mama. Kilikuwa ni mimi."

Watu wote waligeuka. Profesa aligeuka wa mwisho, kama mtu anayeogopa atakachokiona.

"Wewe ni nani?" mtahini aliuliza.

"Fundi wa baridi. Nilivaa bangili ya kutuliza maumivu. Nilidhani ni shaba tupu, kumbe ina sumaku ndani. Nilipoijua nilimwambia binti siku iliyofuata. Amenyamaza ili kunificha mimi. Yeye hana kosa."

Kicheko kilianza upande mmoja wa ukumbi. Mama mtahini aliinua penseli, kikakatika.

"Bangili ina nguvu kiasi gani?"

"Gausi kumi na mbili, mkono ukiwa umeshika vali. Ukiurudisha nyuma kiganja kimoja, tatu. Hatua moja nyuma, kipima hakioni kitu."

"Nani alipima?"

"Mimi. Kila umbali mara tano. Nina karatasi." Akaitoa kwenye mfuko wa koti, imekunjwa mara nne.

"Na katika vipimo vipya?"

"Mikono mitupu, mama. Na binti alinikagua kila siku, hata soksi."

Mama mtahini aliomba karatasi ile. Ikapitishwa mkono kwa mkono kutoka safu ya nyuma hadi mbele. Aliisoma polepole, akarudi juu akaisoma tena, akapiga hesabu fupi pembeni kwa penseli. Ukumbi mzima ulimsubiri.

"Haya ndiyo niliyokuwa nayataka," alisema. "Sina swali jingine."

Binti alifaulu. Alitoka mlangoni mbio, akamkumbatia mzee mbele ya watu, akampaka machozi kwenye koti la harusi.

Profesa alimkuta mzee koridoni watu walipopungua. Alikuwa ameshika ile karatasi.

"Nilisimama mbele ya watu sitini," alisema. "Nikawaambia uzoefu mkubwa."

"Uzoefu ulikuwepo, Profesa. Bangili nayo ilikuwepo."

Profesa alitaka kukasirika, uso ukamkatalia. Akacheka kidogo kupitia puani, kicheko cha mtu anayeumwa.

"Nitawaandikia wale sitini barua. Na ile karatasi ya mlangoni tutaibadilisha. Kila mtu akaguliwe, na mwenye dira pia."

"Kwa hiyo kesho nije?"

"Kesho tunajaza heli. Nani mwingine ataijaza?" Profesa aliketi kwenye benchi la korido, akakunjua karatasi ya vipimo juu ya goti lake, akatoa kalamu. "Mtahini anataka namba hizi ziingie kwenye tasnifu, ukurasa mzima, na chini yake jina la aliyepima."

Akaweka ncha ya kalamu kwenye karatasi. Ikakaa pale. Miaka ishirini na saba walikuwa wamesalimiana kila asubuhi mlangoni. Profesa aliinua macho, na masikio yake yalikuwa mekundu.

"Unisamehe, Mzee," alisema. "Hivi jina lako hasa ni nani?"

Mzee alimtajia, majina yote matatu, polepole, ili kalamu isiachwe nyuma.